Siku Waache Alipotetemeka

Tamimu alimwita mbwa wake Waache siku ileile aliyomleta nyumbani, maana majirani wa Ruaruke walikwisha kuanza kusema. Nyumba ya Kiislamu na mbwa, wapi na wapi? Akawajibu kuwa mbwa wa kulinda shamba ana ruhusa yake, na mpunga haulindwi na paka. Nguruwe pori wakapungua, na maneno nayo yakapungua.

Waache alipozaa watoto saba, Tamimu alikuwa huko visiwani akikata boriti za mikoko. Mkewe, Warda, ndiye aliyebaki na shamba, na mama mkwe wake Bi Zamda, na binti yao mdogo Salwa, na sasa kundi hilo la kunyonya. Watoto walinenepa, mama yao akakonda. Warda alimpikia alichokuwa nacho: ugali wa pumba, ukoko wa wali, maji yaliyooshewa samaki. Waache alikula mpaka akalamba ardhi, na bado mbavu zilimtoka.

Warda alipokwenda Kibiti kuuza mayai, akapita kwenye duka la Abdulkarimu. Zamani duka lile lilikuwa na sabuni ya mgawo, ikipatikana. Tangu biashara iachiwe huru rafu zilijaa mpaka hujui uanze kutazama wapi. Akaona chupa yenye picha ya mbwa aliyenona, manyoya yanameremeta.

"Hiyo dawa ya nguvu, dada," Abdulkarimu akasema. "Mali ya ng'ambo. Kijiko asubuhi, kijiko jioni."

"Imeandikwa nini hapa?"

Abdulkarimu akaigeuza chupa huku na huku. Maandishi yale hata yeye hakuyajua. "Si unaiona picha?" akasema.

Warda akainunua. Jioni ile akampa Waache kijiko cha kwanza, na asubuhi kabla hajampa cha pili, Salwa akaja mbio kutoka uani.

"Mama, njoo umwone Waache anacheza ngoma!"

Haikuwa ngoma. Mbwa alikuwa anatetemeka mwili mzima, miguu imekakamaa kama magongo, ulimi nje, udenda unamchuruzika mpaka kifuani. Alijaribu kusimama akaanguka juu ya watoto wake. Nimemuua, Warda akajiambia. Nimemnywesha kitu nisichokijua.

Mrisho, jirani yao, alikuwa akipita na gobore lake begani kwenda shamba. Akachungulia juu ya ua, akarudi nyuma.

"Usimsogelee, shemeji. Hicho kichaa."

Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha Warda zaidi. Kijiji kizima kilijua kuwa mdogo wake Mrisho aliumwa na mbwa kule Mkongo, akafa akiogopa kikombe cha maji.

Hapo Warda akakumbuka. Jana jioni Salwa alimlisha Waache matonge ya ugali kwa mkono. Akamvuta mtoto, akamfungua vidole kimoja kimoja. Kwenye kidole cha shahada palikuwa na mkwaruzo mwembamba.

"Umekwaruzwa na nini?"

"Sijui, mama."

"Mwiba? Au jino la Waache?"

"Sijui!"

Akamwosha kwa sabuni, akamsugua kwa udongo, akarudia sabuni, mpaka mtoto akalia. Bi Zamda akasema, "Mwanangu, mwache Mrisho amalize jambo hili."

Mrisho alikwisha kulishusha gobore. Warda akasimama mbele yake, mikono imelowa povu.

"Ukimuua sasa, nitajuaje alikuwa na nini? Mtoto huyu nitampeleka wapi, nikaseme nini? Ngoja nikamlete bwana mifugo."

Mrisho akafikiri. Kisha akasaidia kumfunga Waache kamba kutoka mbali, kwa kitanzi kwenye ncha ya mti, akakaa kwenye kinu kilicholazwa, gobore magotini. "Nitangoja," akasema. "Lakini akikata kamba, shemeji, sitangoja."

Warda akapata lori la mkaa. Kila lilipokwama mchangani aliona muda unamponyoka. Kibiti akamkuta bwana mifugo, Nassibu, anatengeneza pikipiki yake. Nassibu akauliza maswali mengi kuliko Warda alivyotaka kujibu: watoto wangapi, wana umri gani, mama yao anakula nini, bado anakutambua? Kisha akaingia ndani, akatoka na chupa ya dawa aliyoweka kwa ajili ya ng'ombe wa maziwa.

"Panda," akasema.

Njia nzima Warda alitega sikio. Alikuwa anasikiliza mlio wa gobore.

Walimkuta Waache amelala ubavu, amefumba macho, anahema. Nassibu akamwita jina kwa mbali. Mkia ukatikisika kidogo. Akamfunga mdomo kwa kipande cha kanga, akatafuta mshipa mguuni, akaanza kuisukuma dawa polepole, mkono mmoja kifuani mwa mbwa.

"Haraka basi," Warda akasema.

"Nikiharakisha moyo utasimama."

Warda akautazama ule mguu uliokakamaa. Ulitetemeka, ukatetemeka, halafu taratibu ukalegea. Waache akafumbua macho, akameza mate.

"Kichaa hakitulizwi na dawa hii," Nassibu akasema. "Watoto saba, na chakula chake pumba. Chokaa ya mwilini, ile ya kujenga mifupa, yote imetoka na maziwa; ndiyo niliyomrudishia." Akainusa chupa ya Abdulkarimu, akaonja tone. "Hii naona sukari na rangi tu. Sidhani kama imemdhuru. Lakini si chakula."

"Na mtoto?"

"Mpeleke zahanati hata hivyo, leo hii. Mbwa abaki amefungwa, nitarudi kumtazama."

Akamwambia amtwangie dagaa wakavu pamoja na vichwa na miiba, amchanganyie na ugali wa dona, amchemshie mayai, na mifupa ya kuku asimpe kabisa. Watoto waachishwe ziwa, wapewe uji wa dagaa.

Wawili kati yao hawakuuweza uji, wakafa. Nguruwe nao waliujua msiba wa nyumba ile, wakaingia shambani wakafyeka pembe nzima ya mpunga, Warda na Mrisho wakipiga madebe. Salwa alipelekwa zahanati siku ileile, na kidole chake kikapona, lakini kwa majuma mengi Warda alimkodolea macho kila alipokunywa maji. Mrisho hakukanyaga uani mpaka Nassibu aliporudi akamshika Waache kichwa kwa mikono yake mitupu.

Tamimu aliporudi kutoka visiwani alimkuta mkewe anatwanga dagaa. "Wageni wamekuja?" akauliza.

"Dagaa hawa ni wa Waache."

Tamimu akacheka. Warda hakucheka. Akauweka mchi chini, akamsimulia yote, toka chupa hadi lori. Alipomaliza, mumewe akauliza, "Na wewe siku hiyo ulikula nini?"

Warda akafikiri. Hakukumbuka kama alikula.