Safu ya Mafua

Kwa wiki tatu, homa ya watoto wa Komoro iliandikwa kuwa mafua, na aliyeiandika ni Zadock.

Alilijua hilo Jumatatu asubuhi, katika ofisi ya ghorofa ya pili Cedar-Riverside, Amerika, treni ikipita chini ya dirisha. Kazi yake ilikuwa kusikiliza. Kila wiki wauguzi wa zahanati za visiwani walipiga simu wakaacha ujumbe: wangapi wanahara, wangapi wanakohoa, wangapi wana upele. Yeye akaingiza hesabu kwenye kompyuta, kila ugonjwa na safu yake kwa Kiingereza. Safu ya joto la mwili ikipanda, hugeuka nyekundu, na serikali ya kule hupeleka dripu na wapulizaji wa dawa ya mbu. Safu ya mafua haikuwa na rangi. Nani amekufa kwa kamasi?

Jumatatu hiyo ujumbe ulikuwa wa mwanamume asiyemjua, wa zahanati ya Bi Echati, mmoja wa wauguzi wale. "Ni dengue. Watoto wanatokwa damu puani. Muuguzi yuko mazikoni."

Zadock akazisikiliza upya jumbe za nyuma za Bi Echati, akamwita Euphrasie, mama wa Goma aliyepokea simu za Kifaransa.

"Papa Zadock, huyu mama anasema homa. Watoto sita."

"Si ndiyo nimeandika? Homa. Cold. Pua kutoka kamasi."

Euphrasie akaangua kicheko. "Kamasi! Na homa ya matumbo je, ni tumbo linapiga chafya? Kwetu homa ni mwili kuwaka moto. Mutu akisema homa, unakimbia ku hospitali!"

"Kwetu Kenya ukiwa na homa unakunywa chai ya tangawizi, unaenda job."

Kicheko kikamkatika Euphrasie. "Na kwao?"

Bi Echati alisomea uuguzi Unguja, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko, ambako homa ni mwili kuwaka. Zadock aliacha shule darasa la saba, na Kiswahili ndilo somo pekee alilopata kulifaulu. Miaka kumi na miwili aliinua wazee wa watu vitandani kule Apple Valley, mpaka mgongo ukamkataa. Kazi hii ilikuwa ya kwanza kumlipa kwa ulimi wake.

Natasha, msimamizi wao, hakujua neno la Kiswahili. Alisikiliza maelezo yao, akashusha sauti. "Nitaandika kwamba mtandao ulichelewa. Hakuna atakayeuliza."

"Mtandao haukuchelewa."

"Zadock, ukisema ni wewe, nitalazimika kukuondoa."

"Niondoe. Lakini kuna zahanati mbili zaidi zinazosema homa, na nimewaandikia kamasi. Wao bado hawajazika."

Alikuwa amekwisha kuketi. Alifungua safu ya mafua, akahamisha hesabu moja moja, wiki baada ya wiki, kidole kimoja kwenye kibodi kama alivyozoea. Zahanati ya kwanza ikageuka nyekundu. Ya pili ikageuka nyekundu. Natasha akainua simu ya mezani, akaanza kuwatafuta watu wa wizara ya afya ya kule.

Ndipo Zadock akampigia Bi Echati. Kule ilikuwa jioni.

"Shikamoo, Bi Echati. Ni Zadock, wa Amerika. Mimi ndiye nasikiliza jumbe zako."

"Marahaba. Alaa! Kumbe kuna mtu? Nilidhani nasema na ukuta."

"Nilikusikia, mama. Sikukuelewa."

"Nilisema nini kigumu?"

"Homa. Kwetu homa ni mafua. Niliandika mafua."

Upande wa pili mtu alikuwa akifagia. Ufagio ukasimama.

"Mafua," alisema Bi Echati. "Watoto wanaungua mikononi mwangu, nawe unaandika mafua."

"Ndiyo."

"Na hicho Kiswahili ndicho ulichoajiriwa nacho?"

"Ndicho hicho."

Alitaka kusema pole. Neno lilifika kinywani akaliona jepesi mno, akalimeza.

"Una kalamu?" aliuliza Bi Echati.

"Ninayo."

"Basi andika. Na usiandike unavyosema kwenu. Andika ninavyosema mimi."

Akaandika, pole pole, naye Bi Echati akimngoja kila mstari. Wiki ya kwanza, watoto sita. Ya pili, kumi na saba. Ya tatu, arobaini na mmoja. Dripu zilizokuwa kabatini, tisa. Ziliisha Alhamisi saa nne asubuhi. Walioletwa wakiwa na hali mbaya baada ya hapo, watano: mapacha wa miaka miwili, binti wa mwokaji mikate, mvulana wa miaka sita aliyekuja akitembea mwenyewe, na mtoto wa miezi tisa.

Waliozikwa, watano.