Kitambaa Langoni kwa Hermenegildo

Kaka yangu Nepomuceno alikuwa daktari mzuri kabla wanasiasa hawajamharibu. Nasema walimharibu wao kwa sababu ni ndugu yangu, na lawama lazima nizitafutie mtu mwingine wa kuzibeba.

Milima yetu ina njia moja tu, na nyumba zimetawanyika juu na chini yake. Nani angekimbia hadi mjini kila mtoto akichemka homa? Kwa hiyo kaka aliwazoesha watu: mwenye mgonjwa afunge kitambaa cheupe kwenye nguzo ya lango, naye akipita atashuka. Hakujali kama mlango umepakwa buluu ya chama cha Wahafidhina au wekundu wa chama cha Waliberali. Hata nyumbu wake, Canela, alizoea. Akiona kitambaa anasimama mwenyewe, na umpige utakavyo, hasogei mpaka ushuke.

Rafiki yake wa kufa na kuzikana alikuwa Hermenegildo Ossa, fundi wa ngozi, Mliberali wa kupindukia. Kaka ndiye aliyemsimamia mwanawe Anselmo ubatizo, na tangu hapo wakaitana kompadre, kama ilivyo kwetu. Kaka mwenyewe alikuwa Mhafidhina, mtu wa upande wa mapadri, na kila Jumapili baada ya misa walitukanana mbele ya kanisa.

"Kompadre, wewe na mapadri wako mtatuzika tungali hai!"

"Wewe nitakuzika kwa mikono yangu, kompadre, na msalaba nitakuwekea utake usitake!"

Halafu wanacheka hadi wanakohoa, wanakwenda kunywa.

Vita kati ya vyama hivyo viwili vilipokwisha, Wahafidhina walitafuta mtu wa kupendwa, maana wao wenyewe hakuna aliyewapenda. Wakamjia kaka.

"Useneta utauweza wapi wewe?" nilimwambia. "Hata uongo hujui kusema."

"Nitajifunza, Eudoxia."

Alijifunza upesi.

Siku aliyorudi na ushindi wake, chama kilimpelekea farasi mweupe kule mtoni, kwa kuwa seneta juu ya nyumbu ni kichekesho. Mimi nilikuwa nyumbani nakaanga nguruwe wa karamu. Haya mengine alinisimulia mwenyewe uzeeni, tena na tena, hadi nikachoka kuyasikia.

Msafara ulipofika kwa Hermenegildo, kitambaa kilikuwa kimefungwa langoni. Kaka alikiona. Don Rudesindo, mkubwa wa chama, aliyekuwa ubavuni pake, alikiona pia.

"Usishuke, Daktari. Hao ni wekundu. Wanataka kututia nuksi tu."

"Pale pana mgonjwa."

"Atangoja. Askofu yuko jukwaani, na yeye hangoji mtu."

Farasi yule hakujua lolote kuhusu vitambaa. Aliendelea kutembea, na kaka akamwacha atembee.

Alihutubia vizuri, wanasema. Alipoketi kula, aliisukuma nyama yangu pembeni. Akainuka watu wakiwa bado wanampigia makofi, akamtandika Canela, akaondoka bila kuaga.

Kumbe Anselmo alikuwa na dondakoo. Kaka alijua kumtoboa mtoto koo ili apate pumzi; alishamwokoa binti wa mwashi hivyo, na mkoa mzima hakukuwa na mwingine aliyethubutu. Jua lilikuwa bado linawaka alipofika. Hermenegildo alikuwa langoni, anakifungua kile kitambaa.

"Kompadre, nimekuja. Nipishe nimwone."

"Mheshimiwa," Hermenegildo alisema bila kumtazama, "sisi tulimwita daktari."

Ndani, mama wa mtoto alikuwa analia, na kaka hakuhitaji kuambiwa analia nini.

Useneta aliukalia muda mrefu. Alituletea daraja, akatuletea na shule ya masista. Aliporudi kukaa kwetu moja kwa moja alikuwa mzee, akanunua nyumbu mwingine, akawa anapita njia ile polepole akitazama nguzo za malango. Hakuna aliyemfungia kitambaa, hata wale wa milango ya buluu. Niliwachukia wote, na nilijua hawana kosa.

Alipolala kitandani asiinuke tena, aliniomba nifunge kitambaa langoni kwetu.

"Atashuka nani, kaka? Daktari wa vitambaa ulikuwa wewe."

"Wewe funga tu."

Nikafunga, machozi ya hasira yananitoka. Watu walipita, wakatazama, wakaenda zao. Kisha Jumapili moja, misa ilipotoka, nikamwona Hermenegildo akipanda kilima na fimbo yake. Alipofika langoni akasimama. Akavua kofia. Alikaa vile mpaka kinywaji changu cha sukari guru kikapoa mezani. Sikumkaribisha, niliogopa nikifungua kinywa ataondoka. Mwishowe akavaa kofia yake, akaendelea na safari.

Nikaingia chumbani.

"Kompadre wako amepita."

Kaka akafumbua macho. "Ameingia?"

"Hakuingia. Lakini alisimama."

Akageukia ukutani.

"Alisimama," akasema. "Mimi sikusimama."