Mji wa Mwisho wa Hatibu

Usingizi unamchukua Hatibu Mkangala mchana kweupe, amelala kwenye sakafu ya klabu yao Tanga, amefungwa mablanketi mpaka kidevuni kama maiti anayesubiri kuzikwa, anatoa jasho la mwisho. Jioni atapimwa, kesho apande ulingoni kuwania mkanda kwa mara ya mwisho, na uzito asiotakiwa kuuzidi ni kilo sabini na tisa. Mizani ikizidi hata kidogo, pambano linafutwa. Zuhura, binti wa Kocha Semboja, anayemfundisha tangu mzee huyo alipofariki, amemwambia, Kaka Hatibu, usitoke humo mpaka nikuamshe, na ukigusa maji nitakumeza wewe na hayo maji. Hatibu anacheka, macho yanamlemea, blanketi linakuwa mchanga, mchanga unakuwa barabara, na barabara inatembea yenyewe, yeye kasimama tu.

Inamfikisha kwenye mji ambao kuta zake zote ni vioo. Katika kila kioo yumo Hatibu. Yumo kijana mwembamba mwenye glovu za kuazima, yumo bwana mwenye mkanda kiunoni, yumo huyu wa leo mwenye nyusi zilizoshonwa zikapasuka zikashonwa tena, na wote wanarusha ngumi bila sauti. Langoni amesimama mtu wa shati jeupe na tai ya kipepeo kama mwamuzi, ila juu ya tai hapana uso, ni laini tupu kama ganda la yai. Miguuni pake iko mizani. Panda, anasema. Hatibu anapanda. Umezidi, hupiti. Nitavua nini, bwana, nami niko uchi? Kitendawili, anasema yule mtu. Na Hatibu, ulimi umemkauka kama ngozi ya ngoma, anajikuta anaitika, Tega. Nyumba yangu haina kuta ila kamba, na humo hupigwa mwenyeji na mgeni. Jibu analo, ni ulingo, lakini kiu imelikwamisha kooni. Umeshindwa, nipe mji, anasema yule mtu, vilevile kama watoto barazani. Hatibu anampa Mwanza.

Kioo kimoja kinakuwa cheupe. Kulikuwa na mtu kule Mwanza aliyemlambisha sakafu, kulikuwa na mvua juu ya mabati, na sasa anaitafuta kumbukumbu ile kama ulimi unavyotafuta jino lililong'oka, haipo. Lakini mwili umekuwa mwepesi. Kumbe ndivyo! Kitendawili cha pili kinakuja, kila alfajiri nakimbizana naye na sijamwona akihema, na Hatibu anajua kabisa kuwa ni kivuli, ila safari hii anafunga mdomo kwa kusudi. Anatoa Tabora. Inapoondoka anaiona mara moja ya mwisho, amebebwa juu juu, mkanda unamgonga mbavu, mama mmoja asiyemjua anamvika khanga mabegani na kulia, umetutoa kimasomaso, mwanangu, umetutoa kimasomaso. Kisha weupe. Hatibu anajishika mabegani, hajui anatafuta nini.

Bado kidogo sana, anasema yule mtu. Kitendawili. Tega. Hakurusha ngumi hata moja, lakini alipigana mapambano yako yote.

Vioo vyote vilivyobaki vinageuka Tanga. Ni klabu ileile, gunia lililoshindiliwa nyuzi za katani linaning'inia, na Kocha Semboja anapiga sakafu kwa kandambili yake kuhesabu mapigo, anafoka, kidevu, Hatibu, kidevu kifuani! Unapigana au unapungia wageni mkono? Na baada ya kufoka huko anamkatia nusu ya muhogo wake, anampulizia ngumi zilizochubuka, anasema, haya mwanangu, tena. Usijibu, ananong'ona asiye na uso, na sauti yake sasa ni tamu. Nipe Tanga upite, mkanda uko ng'ambo hii. Hatibu anautazama mkanda unavyong'aa ng'ambo ya lango. Ameutaka tangu aliponyang'anywa ule wa kwanza. Lakini nani atamwita kwenye kona, akiyumba? Anaisikia kandambili. Tap. Tap. Kocha Semboja, anasema kwa sauti ya kujaza mji. Jibu ni Kocha Semboja! Umetegua, anasema yule mtu, basi mji ni wako, na uzito ni wako.

Kaka Hatibu, amka. Mablanketi yameloa chapachapa. Zuhura anamshika mkono, anampandisha kwenye mizani iliyo kando ya gunia, kisha anainama kusoma, na mtandio unamwangukia usoni. Umezidi kidogo tu, anasema. Una nini tena cha kuvua? Hatibu anajitazama, yuko uchi ila bukta. Anajaribu kuikumbuka Mwanza, alipigana na nani kule, anajaribu tena, hakuna kitu, weupe mtupu. Nyuma ya gunia kandambili inapiga sakafu. Ninacho, anasema, lakini hiki sivui, wacha wafute pambano lao. Zuhura bado ameinama, mtandio bado umemfunika, na Hatibu amesimama juu ya mizani, kidevu kifuani, anasubiri ainue uso, aone kama upo.