Kamera ya Kuposea

Bujiku wa Chimala alimtaka Ng'washi, binti wa mzee Budeba wa Shinyanga, ila hakutaka kuwaswaga ng'ombe wanane wa mahari mwezi mzima ili tu wakakaguliwe. Akaingia duka la kamera mjini Mbeya, akashika iliyo kubwa kuliko zote.

"Utapiga nini, kaka?" akauliza Liberatus, muuzaji.

"Ng'ombe."

"Sasa hiyo kubwa ya nini? Ng'ombe hatabasamu. Chukua ndogo, na filamu ya nyeusi na nyeupe, bei ya kabwela."

Picha zikatoka safi, hadi kwato zinahesabika, akazituma kwa posta.

Mzee Budeba akajibu: "Kijana, tulikubaliana wekundu watupu, nawe unanionyesha wa kijivu. Wekundu nimeshaletewa na mwenzio, kwa miguu. Ng'washi anakusalimu."