Simu Iliyokuwa na Mwenyewe

Kulthum wa Chaani hakuamini mizani ya muuza nyama, hakuamini maziwa ambayo hakuyaona yakikamwa, na akiletewa habari za msiba aliuliza kwanza maiti kaonwa na nani. Watu walimcheka. Yeye aliwaacha wacheke, akisema hajasikia mtu aliyepata hasara kwa kushuku. Hasara hiyo ipo, bwana, ila huja kimya kimya.

Kichekesho ni kwamba mwanamke huyo asiyemwamini mtu alikula kwa kuaminiwa. Kazi yake ilikuwa kupaka hina na wino mweusi wa piko na kupamba maharusi. Sasa shughuli ya kupamba ni ya wanawake peke yao. Mabuibui huvuliwa, nywele huachwa wazi, mashangazi hucheza viuno ambavyo waume zao hawajui kama bado vinacheza, na mlangoni hukaa mtu wa kukusanya simu za wote waingiao. Simu moja tu hupita, ya mpambaji. Yeye humpiga bi harusi picha za kumbukumbu ya mamake, kisha hupiga za viganja na nyayo za kuwaonyesha wateja wengine. Changamwe nzima, Kulthum alipita mlango huo na simu yake mkononi na hakuna aliyemwuliza neno. Fahari yake yote ilikuwa hapo.

Ndiyo maana simu yake ilipozeeka, kila picha ikawa na ukungu, alikosa raha. Harusi ya Wardah wa Magongo ilikuwa karibu, na mamake Wardah, Bi Intisar, alikuwa na binti mwengine nyuma yake na wapwa wasiohesabika. Aliyempendeza Bi Intisar hakukosa kazi tena.

Alianza dukani. Msichana wa duka alimtolea simu mpya ya bei nafuu, ingali ndani ya nailoni yake. Kulthum aliigeuza, akainusa, kisha akaupiga picha mkono wake mwenyewe uliokuwa na hina iliyokolea vizuri.

"Mbona mkono wangu wafanana na wa maiti?"

"Ni taa za duka, mama. Lakini hii ni mpya, na ina dhamana ya mwaka mzima."

"Dhamana! Ikiharibika mtanambia imeingia maji."

"Hatusemi hivyo, mama."

"Mwasema. Na hii nailoni, nitajuaje hamuifungi wenyewe huko nyuma?"

Msichana aliirudisha simu ndani ya kasha akicheka. "Mchagua nazi hupata koroma," akasema. Kulthum alitoka amefura, maana hakuna kinachoudhi kama methali kutoka kwa mtoto wa juzi.

Jirani yake Margret, mshonaji nguo, ndiye aliyemletea habari za Kyalo, kijana aliyesali naye kanisa moja. Kyalo alikuwa karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini, Kipevu, na alikuwa anauza simu yake. Ilikuwa ya miaka kadhaa, Margret alisema, lakini mwaka ilipotoka ilishikwa na wakubwa tu, na mpaka leo hizi mpya za bei ile ile hazioni ndani kwa kamera.

"Lakini ningekuwa wewe ningechukua mpya," Margret akaongeza. "Simu ya mtu huwa na mambo ya mtu."

"Yeye aiuzia nini?"

"Mamake yuko hospitali, huko kwao Mwingi."

"Wauzaji wote wana mama mgonjwa," akasema Kulthum. Hata hivyo aliomba nambari.

Alikataa katakata kukutana na Kyalo barabarani. Alitaka kuonyeshwa anapolala, ili kukizuka jambo ajue pa kugonga. Kyalo akampokea kwake Mikindani, kijana mrefu mwenye macho ya mtu asiyelala, na mkewe Lynnette akamwekea mgeni chai. Chai ile haikuguswa. Kulthum alitaka kasha la simu, akatafuta nambari ya utambulisho iliyo ndani ya simu na kuilinganisha na iliyochapwa kwenye kasha. Aliichomeka kwenye chaji akaishika mgongo aone kama yapata moto. Alimpigia Margret, akampigia tena, akawasha tochi, akasikiza redio. Kisha akaupiga picha mkono wake.

Moyo ukamlegea. Kila ua la piko lilitoka na mishipa yake, na hina ilikuwa nyekundu kama alivyoipaka. Aliona harusi zote za mwaka ule mle ndani. Akatuma pesa papo hapo, kabla moyo haujabadilika.

"Sasa nipatie kidogo, mathe," Kyalo akasema, akinyoosha mkono. "Nitoe akaunti yangu, niifute kabisa, ndio ukae nayo kama mpya."

Hapo Kulthum akaona hila yake. Ndiyo hii, alijiambia. Binamu yake wa Likoni alinunua simu nzuri kwa mtindo huu huu. Muuzaji aliiomba kidogo tu, akairudisha ndani ya bahasha, na binamu alipofika nyumbani akakuta kipande cha kigae.

"Haitoki mkononi mwangu," akasema.

"Mathe, kuna vitu vyangu mle."

"Nitavifuta mimi."

"Haiendi hivyo. Akaunti ni—"

"Kijana, pesa umepata. Simu ni yangu."

"Mum, mwache dakika moja tu," Lynnette akaomba. "Hata ukiangalia."

"Na hao waliotapeliwa walikuwa wakiangalia nini?" Kulthum akauliza, akaitia simu ndani ya buibui, akatoka bila kuaga vizuri. Njia nzima aliipapasa kuhakikisha kwamba bado ni simu.

Alipofika kwake alifanya alivyoahidi. Alifuta picha za Kyalo, za makontena, za kanisani, za Lynnette pwani, za bibi mmoja aliyejifunga kitambaa kichwani. Akamaliza na zile zilizobaki kwenye pipa la taka la simu, asibakize uchafu wa mtu. Alijisikia kama mtu aliyeosha sufuria ya kuazima, akalala.

Siku ya kumpamba Wardah ilikuwa ya kuhadithiwa. Kulthum alimchora kuanzia ncha za vidole mpaka juu ya kiwiko, akamkalisha kwenye kiti chake, nywele zimemwagika mpaka kiunoni. Akapiga picha. Bi Intisar alisogea, akatazama kioo cha simu, akaweka mkono kifuani.

"Mashallah. Huyu ni mwanangu kweli?"

"Ni yeye, bi mkubwa. Nitakuhamishia zote, kisha kwangu nibaki na mikono tu."

"Najua, Kulthum. Wewe sikushuku."

Kesho yake asubuhi alikaa barazani kuchagua mikono ya kuwatumia wateja. Akaona picha moja ya Wardah imetoweka. Akadhani macho. Ikatoweka nyengine, kisha nyengine, mbele yake, na yeye hajagusa kitu. Alisoma dua alizozijua, akaitupa simu kwenye mkeka, akaiokota tena. Kilipobaki kiganja kimoja tu, simu ikalia.

"Mum, ni mimi Lynnette, bibi ya Kyalo. Picha zenu za harusi zinaingia kwangu. Nazifuta, lakini ukipiga zingine zitakuja tu. Njoo tutoe hiyo akaunti."

Kulthum alikuwa ameshalivuta buibui lake. Wardah bila buibui, nywele wazi, kwenye simu ya watu wasiomhusu! Na picha alizipiga nani? Akajua mara moja mchezo ulivyo. Wangetaka pesa. Leo wangedai wamefuta, kesho wangeleta nyengine, na jina lake lingetembea kutoka Chaani mpaka Jomvu kabla ya adhana ya alasiri.

Alifika Mikindani akihema, hata salamu hakutoa.

"Semani mwataka nini."

Lynnette alikuwa anafunga nguo kwenye begi. Macho yake yalikuwa mekundu. "Hatutaki kitu, mum. Nilikuita tu."

"Mumeo yuko wapi? Ameziona?"

"Kyalo yuko Mwingi tangu juzi. Mama ameaga."

Kulthum alitafuta usoni mwa yule mwanamke uwongo ulipo, akaukosa, na hilo likamtia hofu zaidi. Lynnette akamweleza taratibu. Akaunti haikutolewa, kwa hiyo kila picha iliyopigwa kwenye simu ile ilipanda kwenye akaunti ya Kyalo. Kyalo mwenyewe, tangu auze simu, alitembea na kabambe, simu ndogo ya vitufe isiyopiga picha, na akaunti yake ilibaki kwenye simu ya mkewe. Lynnette aliona msichana ameacha nywele wazi, akajua hizo si picha za kuonekana. Alizaliwa Magharibi mwa nchi lakini ameishi na majirani Waislamu. Alizifuta moja moja, na kwenye pipa la taka pia.

"Ukifuta kwangu zinapotea kwako pia. Ni kitu kimoja," akasema. "Pole kama ulikuwa unazitaka."

"Nipe nione."

Lynnette akampa simu yake yote bila kusita. Kulthum akaipekua kama askari wa forodha. Hakukuwa na kitu. Kisha Lynnette akamwelekeza namna ya kuitoa akaunti, bila kuigusa simu ile hata kwa ukucha. "Shika wewe mwenyewe," alisema. "Mimi nitakuambia pa kubonyeza." Ikatoka. Ilikuwa kazi ya dakika moja, kama walivyomwambia siku ile.

Kulthum alikuwa ameshainuka aliposikia, "Mum, nikuulize. Ulipochukua simu, kulikuwa na picha za mama ya Kyalo. Amejifunga kitambaa. Tunatafuta moja ya kuweka kwa jeneza. Kwetu zilipotea zote jioni ile, tukadhani ni mtandao. Labda ulihamisha mahali?"

Kulthum alitaka kusema hakuziona. Uwongo ulikuwa umeshafika mdomoni. Akakumbuka yule bibi, akakumbuka alivyomfuta kwa kidole bila kumtazama mara mbili.

"Nilizifuta," akasema. "Hata kwenye taka. Nisamehe, mwanangu."

Lynnette alikaa juu ya begi lake akafunika uso, na Kulthum akasimama pale na simu yake nzuri, asijue pa kuiweka. Alimwonea haya mwanamke huyu kuliko alivyopata kumwonea mtu haya maishani.

Angeweza kurudi Chaani akanyamaza. Picha zilikuwa zimefutwa na akaunti imetolewa, na Lynnette si mtu wa kusema. Lakini alikuwa ameona mwenyewe jinsi mtu anavyoharibikiwa na kitu asichojua kimepita mikononi mwa nani, na hakutaka Bi Intisar awe hivyo; miguu ikampeleka kwake Magongo.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba. Umeniletea picha zangu?"

Kulthum akakaa chini kwenye mkeka, akasema yote, tangu chai asiyoinywa mpaka picha za marehemu. Hakujipunguzia. Bi Intisar alisikiza bila kumkatiza, na uso wake ukawa unafunga kidogo kidogo.

"Huyo mume aliona?"

"Hakuona."

"Umejuaje?"

"Mkewe amenambia. Nami namuamini. Wallahi hakuona!"

"Usiapie macho ya mtu mwengine, Kulthum."

Ndani kulikuwa na wasichana wanacheka, na Wardah alikuwa miongoni mwao, hajui kitu.

"Ungenyamaza nisingejua," akasema Bi Intisar mwishowe.

"Najua."

"Kwa hilo nimekusamehe. Na mdogo wake Wardah utampamba wewe, hina yako siikatai. Lakini simu utaiacha mlangoni, pamoja na za wenzio."

Kulthum alihisi kama amevuliwa nguo. "Bi mkubwa, akaunti nimeitoa. Sasa haipeleki popote. Na yule mwanamke, laiti ungemwona, hawezi kudanganya."

"Yeye nimemuamini," akasema Bi Intisar. "Mgeni, si dini yake, si mila yake, kaona nywele za mwanangu akazisitiri. Aliyezitoa nje ni wewe."

"Ni mimi, bi mkubwa," akasema Kulthum, akainuka kwenye mkeka.