Vikombe Vinne vya Raba

Saa mbili na robo asubuhi, kiti cha kuogea kilihama kuelekea kushoto kwa upana wa vidole viwili, Mwalimu akiwa amekikalia. Maji yalikuwa yamemfika kiunoni. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Fundi, simamisha," na mumewe, aliyekuwa kwenye kigoda kando ya hodhi na rimoti mkononi, akaachia kitufe. Mashine ikanyamaza.

"Umetelezaje?" Fundi akauliza.

"Sikuteleza mimi. Kimeteleza kiti."

Fundi alimshika chini ya kwapa, akang'oa kizibo kwa mkono wa pili, wakangoja maji yaishe yote. Ndipo alipokipandisha kiti taratibu mpaka usawa wa ukingo, akamtolea miguu nje, wa kulia kwanza, kisha ule mzito wa kushoto, akamfunika taulo. Alifanya yote sawasawa, kama walivyofundishwa siku kiti kilipoletwa.

Kiti chenyewe hakikuwa na maajabu. Kilikuwa cha plastiki nyeupe, kinawekwa ndani ya hodhi, kina egemeo la mgongo, mbawa mbili za pembeni za kuvukia, na miguu ya chuma iliyopishana kama mkasi, inayojikunja na kujikunjua kwa nguvu ya betri. Ukibonyeza mshale wa chini kinazama nawe. Ukibonyeza wa juu kinakuinua. Kinachokizuia kisitembee ni vikombe vinne vya raba chini yake, vinavyokandamizwa kwenye sakafu ya hodhi mpaka vigande. Kituo cha tiba ya viungo kiliwaazima baada ya kiharusi kumlegeza Mwalimu upande wa kushoto. Kabla ya hapo alikuwa akioshwa kitandani kwa beseni na kitambaa, kipande kwa kipande. "Kama sufuria," alizoea kusema, na watu walicheka, lakini yeye hakuwa akitania.

Binti yao mkubwa alikaa mtaa wa pili, na kila asubuhi alipitia kwa wazazi kabla ya kwenda kufungua duka lake la dawa. Siku hiyo alimkuta mama yake koridoni, kwenye kiti cha magurudumu, amejifunga taulo na povu bado begani.

"Kuna nini hapa?"

"Kiti kimehama kidogo," Fundi akasema.

"Kidogo kiasi gani?"

"Vidole viwili," akajibu Mwalimu.

"Vyako au vya baba?"

"Vyangu."

"Afadhali. Viwili vya baba ni nusu ya hodhi." Lakini hakucheka. Alikuwa ameshatoa simu. Aliongea na kituo akiwa amesimama dirishani, kwa ile sauti anayowatolea wenye kuleta dawa zilizokwisha muda. Alipokata, akasema, "Wanamtuma mtu aje akichukue. Atafika kabla ya mchana."

"Nani amesema kichukuliwe?" Mwalimu akauliza.

"Mama, mara ile ulipoanguka, nani alikuokota sakafuni? Ni mimi. Baba alikuwa amesimama hapo kama nguzo. Sitaki kukuokota tena. Tutarudi kwenye beseni, nitakuja jioni nikuogeshe mwenyewe, basi."

"Kiti hakina kosa."

"Basi uliegemea kushoto. Hata sasa hivi umeegemea."

Mwalimu akajitazama. Ilikuwa kweli. Bega lake la kushoto lilikuwa limegusa ukuta, na hakuwa na habari. Alijiweka wima kwa kushika mkono wa kiti, akajua kwamba akisahau kidogo tu atarudi palepale.

Hilo lilimkaa moyoni kuliko kuteleza kwenyewe. Alikuwa amefundisha fizikia maisha yake yote ya kazi, na wanafunzi aliowaangusha bila huruma ni wale walioandika jibu walilotarajia badala ya lile waliloliona. Sasa yeye ndiye aliyekuwa na jibu analolitaka. Alitaka kiti kiwe kizima, kwa sababu kisipokuwa kizima yeye anarudi kuwa sufuria. Kwa hiyo, katika nyumba ile, ushahidi wake ndio uliokuwa hafifu kuliko wote.

"Tupime," akasema. "Na utakayepima ni wewe."

"Mimi? Duka nalifungua saa ngapi?"

"Kikohozi cha watu kitasubiri. Sikiliza. Mimi nataka kiti kibaki. Baba yako anataka ninachokitaka mimi. Wewe hukitaki. Mkono wako ndio nitakaouamini."

Binti alimtazama mama yake, akaweka mkoba chini, akakunja mikono ya blauzi. Fundi alimsukuma Mwalimu mpaka mlangoni mwa bafu, mahali anapoiona hodhi yote, akafunga breki za magurudumu.

Walikibandika kiti upya. Fundi alikandamiza kila pembe kwa uzito wake, kisha akashika kiti kwa mikono miwili na kukivuta juu. Hodhi nzima ililia, kiti hakikuinuka.

"Mnaona?" akasema. "Kimegandamana. Hata jana nilikivuta hivihivi, hakikubanduka."

Mwalimu akageuza macho. "Jana ulikivuta kwa nini?"

"Si nilikuwa nakikagua tu."

"Baba, sogea," akasema binti. Alijaza ndoo maji, akaitua upande wa kushoto wa kiti, pale mama yake anapolalia. Kisha akakisukuma kiti kwa ubavu, kwa kiganja kimoja, wala hakutumia nguvu. Kiti kikatambaa kama sahani juu ya meza iliyolowa.

Ndoo ikatikisika juu yake, kisha ikatulia.

"Basi," binti akasema. Sauti yake haikuwa ya mtu aliyeshinda. "Si wewe, mama. Samahani. Ni kibovu."

"Niliegemea pia," Mwalimu akasema. "Yote mawili yametokea. Lakini kiti hiki kimetengenezewa watu wanaoegemea, kwa hiyo kilitakiwa kivumilie. Kitoe, ukigeuze."

Kiligawanyika vipande viwili, egemeo kwanza, halafu sehemu ya chini. Binti alikilaza ukingoni, nyayo zikitazama juu. Vikombe vilikuwa vizima, bila ufa, vyeusi na vinang'aa kuliko siku vilipoletwa. Mwalimu akamwambia avimwagie maji kidogo. Maji hayakutandaa. Yalijikusanya matone matone, yakaviringika, yakadondoka. Na kwenye sakafu ya hodhi, pale vikombe vilipokuwa vimekaa, kulikuwa na miduara minne ambayo maji yaliikimbia.

"Pitisha kidole, unuse."

Binti akapitisha, akanusa. Hakuhitaji mara ya pili. "Mafuta ya mgando. Ninayauza haya." Akamgeukia baba yake.

Fundi alikuwa akiangalia bomba. Kabla ya kustaafu alikuwa fundi wa pampu za visima, na hakuna pampu katika wilaya nzima aliyoiacha kavu. Alikuwa mtu wa grisi. Bawaba za milango, mnyororo wa geti, mkasi wa jikoni, vyote vilipata zamu yao.

"Fundi," Mwalimu akamwita, taratibu. "Ulipaka lini?"

"Jana, ulipolala mchana." Akakohoa. "Raba zilianza kupauka. Kikombe cha pampu kikipauka hivyo, mwezi haumalizi kinapasuka. Nikasema kiti chako kisije kikazeeka kabla yako."

"Kikombe cha pampu kinafanya kazi gani?"

"Kinabana maji yasirudi."

"Na kazi nyingine?"

Fundi alielewa kabla hajajibu, na Mwalimu alimwona anaelewa. Uso ulimshuka kama wa mtu aliyesomewa hukumu kwa lugha yake mwenyewe.

"Kinateleza," akasema. "Kinapanda na kushuka ndani ya silinda. Lazima kiteleze."

"Hiki kinatakiwa kisiende popote. Hakina gundi. Unapokikandamiza unatoa hewa iliyo chini yake, na hewa ya nje inakilalia. Ukikivuta juu, mafuta hayakipunguzii kitu, ndiyo maana jana kilikudanganya. Ukikisukuma ubavu, kinachokishika ni ukavu wa raba. Ukavu huo umeuondoa."

"Baba," binti akasema. Alikaa kwenye ukingo wa hodhi. "Baba, mama angezama."

Fundi aliichukua rimoti kutoka kwenye ndoano yake na kumpa binti, kama mtu anayerudisha funguo za ofisi.

Mtu wa kituo alifika saa nne na nusu, jitu la miraba minne waliyemwita Bonge tangu siku aliyokileta kiti, na mwenyewe aliitika. Alisikiliza habari yote akiwa amesimama, akatikisa kichwa.

"Mzee, nimekuta viti vina ukoga. Nimekuta kimoja kinafugiwa kuku. Mtu kukipaka manukato, wewe ndiye wa kwanza."

"Nicheke au nilie?" Fundi akauliza.

"Niletee sabuni ya vyombo na kitambaa laini. Siyo dawa ya madoa, hiyo inaila raba."

Aliosha vikombe kimoja kimoja kwa maji ya uvuguvugu, akaviosha tena, akavisuuza, akavifuta. Akaisugua na sakafu ya hodhi. Alivipinda vikombe kutafuta nyufa, akatazama taa ya betri kwenye rimoti. Kilipobandikwa, alikisukuma kwa goti kutoka kila upande. Kikatulia. Akakishusha kitupu mpaka chini, akakipandisha kitupu mpaka juu. Kisha akavua viatu.

"Unafanya nini?" binti akauliza.

"Uzito wangu kinaubeba, pamoja na chai niliyokunywa." Akaingia na suruali yake, akashuka, akajitupa kushoto, akajitupa tena. Hodhi ilinung'unika. Kiti hakikuondoka.

"Kizima," akasema kutoka chini. "Naweza kukiacha. Lakini lazima awepo mtu mmoja wa kukiwajibikia. Mmoja. Wakiwa wawili, kila mmoja anadhani mwenzake ameangalia betri."

"Ni mimi," binti akasema upesi. "Siku za kazi siwezi, lakini kila Jumapili nitakuja."

"Mpe yeye," Fundi akasema. "Ana haki."

Mwalimu alisikia neno Jumapili. Jumapili moja, halafu beseni, halafu Jumapili. Alitamani kusema kwa hasira, akajizuia. Hasira si hoja, na bintiye hakuwa adui. Alianza kupanga aliyoyaona kwa macho yake, moja baada ya jingine, bila kulipendelea lolote.

"Jana alikosea," akasema. "Alipaka kitu ambacho hakuambiwa apake, wala hakuuliza. Hilo liandikwe kwake. Asubuhi hii kiti kilipohama aliachia kitufe kabla sijamaliza neno. Akanishika. Hakunipandisha nikiwa majini, alitoa maji kwanza. Mara ile nilipoanguka alisimama kama nguzo, umesema mwenyewe. Leo hakusimama. Mwenye mikono ya namna hiyo mimi simwondoi. Namwondolea kopo la mafuta."

Binti alikuwa ameishika rimoti kwa mikono miwili.

"Na akiona kitu kingine kimepauka?"

"Nakuuliza wewe," Fundi akasema. "Au Bonge. Kabla sijagusa."

"Kila siku unasukuma ubavu. Huvuti juu."

"Nasukuma ubavu."

"Kwa sauti, baba. Mama asikie."

"Kwa sauti."

Binti alikwenda chumbani, akarudi na kopo la mafuta ya mgando, akalitia kwenye mkoba wake na kufunga zipu. Kisha akampa baba yake rimoti. "Nataka nione mara moja, mwanzo mpaka mwisho. Ndipo niende."

"Vizuri," akasema Mwalimu, "maana povu limenikaukia begani."

Bonge akatoka nje kungoja. Fundi alianza upya, na mwanzoni sauti yake ilikuwa ndogo, kama mtoto anayesomeshwa mbele ya darasa. Raba kavu. Ubavu wa kushoto umetulia, wa kulia umetulia. Betri imejaa. Kinashuka kitupu, kinapanda kitupu. Alijaza maji, akayapima kwa kiwiko, akamwambia bintiye naye atie kiwiko. Wakamvusha Mwalimu juu ya bawa la kiti, mguu mzito mwishoni.

Kiti kilishuka. Maji yalimpanda mapajani, kiunoni, kifuani, na uzito wa mguu ule ukaondoka kama kawaida yake ndani ya maji. Aliutazama mstari kati ya kiti na ukuta wa hodhi. Kisha akaacha kujishika. Mwili wake ukaenda kushoto wenyewe, ukajilaza, akauacha ulale. Mstari ulibaki vilevile.

Fundi alimmiminia maji begani kwa kikombe cha bati mpaka povu likaisha lote, na Mwalimu akafumba macho kwa muda kabla ya kusema, "Nipandishe." Maji yalitoka kwanza.

Alipokwisha kuvaa, akiwa tena kwenye kiti cha magurudumu mlangoni, Fundi aliinama ndani ya hodhi kubandua vikombe ili aoshe. Cha kwanza kiliachia kwa mlio. Cha pili na cha tatu vilihitaji mikono miwili. Cha nne kiligoma kabisa. Binti, ambaye tayari alikuwa na mkoba begani, alipiga magoti kando ya baba yake, akaingiza ukucha chini ya ulimi wa raba, akavuta, na kikombe kikaachia.