Uzi wa Machi

Mei ilikuwa imefika nusu, na watu wote wa Plovdiv walikwisha vua nyuzi zao za Machi, zile nyekundu na nyeupe zinazofungwa mkononi Machi mosi hadi korongo warudi au miti ichanue, wakazitundika kwenye miti iliyochanua. Ognyan bado alikuwa na wake mkononi.

"We Ognyan, korongo wamerudi, wanaatamia. Unangoja nini, waangue?" alitania Vihra, mwenzake wa maabara.

Ognyan aliusukuma uzi chini ya mkono wa koti. Uzi huo mama yake aliusokota mwenyewe, akautia rangi kwa mizizi na magome ya mwaloni, akamfunga Ognyan mkononi, yeye mama akiwa kitandani hospitalini. Siku chache baadaye mama alikufa. Bakteria waliokuwa damuni mwake walitoa kimeng'enya kilichokata kila dawa aliyopewa. Ognyan alimzika, akarudi kazini na mfuko wa udongo wa bustani ya mama, atafute humo vijidudu vya kuzima kimeng'enya hicho. Hakuruhusu mtu mwingine achuje supu aliyooteshea vijidudu hivyo.

Sasa kimeng'enya kilekile kilikuwa mbele yake, kwenye vishimo vya sahani ya plastiki, pamoja na dawa ya manjano ambayo ikikatwa hugeuka nyekundu. Safu zote zilikuwa nyekundu isipokuwa moja, ile aliyotia supu ya vijidudu vya udongo wa mama. Ilibaki manjano, kama jana: kimeng'enya kimezimwa.

"Nilikwambia." Alingoja furaha ije. Haikuja. "Jumatatu tunapeleka matokeo maabara kuu Sofia."

"Taratibu, shujaa. Tujaribu na kimeng'enya cha mate."

"Mate yanahusu nini?"

"Hayahusu. Ndiyo maana. Kikizimika na hicho, supu yako inazima chochote."

Walichanganya mate, wanga na supu, wakatia iodini. Ikawa buluu tupu. Wanga haukuguswa.

Vihra akautazama mkono wa Ognyan. Kati ya glavu na koti, ncha ya uzi ilining'inia, imelowa, wekundu wake umepauka.

"Ukichuja, hiyo inagusa wapi?"

"Kwenye faneli."

"Magome ya mwaloni, Ognyan! Yale ya kutengenezea ngozi za viatu. Yanagandisha kimeng'enya chochote."

"Huna hakika."

"Basi kata tujue."

Alimpa mkasi. Ognyan aliunyakua. Alikata ncha, akailoweka kwenye maji safi, akayatia maji hayo kwenye kimeng'enya pamoja na dawa. Manjano. Akauvua uzi wote, akachuja supu upya, mkono mtupu. Nyekundu, safu nzima.

"Pole, kaka."

"Ya nini? Jaribio limeenda vizuri."

Alishuka uani. Mcheri ulikwisha zaa matunda mabichi. Mzee Spiro, mlinzi, alimtazama akifunga uzi kwenye tawi.

"Umechelewa, kijana. Maua yalikwisha kitambo."

"Najua, mzee."

Alifunga fundo la pili, akapanda juu. Vihra alikuwa amemwekea mezani mfuko mwingine, udongo wa ukingo wa mto Maritsa. Ognyan alivaa glavu mpya, akaufungua.